Mota ya wati 500 ibebeshwe wati ngapi? Jibu kwa mama mboga wa Kangemi

Msomaji wetu ni mama mboga wa Kangemi. Alfajiri hushuka Marikiti kununua sukuma, nyanya na viazi, kisha hupanda Waiyaki Way akirudi na mzigo wa kilo 40 hivi kwenye baiskeli ya umeme. Mota iko kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma, imeandikwa volti 48, wati 500. Kontrola, kile kisanduku kinachopimia mota umeme wa betri, ni ya ampea 22. Akiwa na mzigo baiskeli huchoka mlimani, na akifika nyumbani mota haishikiki kwa joto. Fundi wake amemshauri afunge kontrola ya ampea 35, na siku akipata pesa abadilishe betri iwe ya volti 72. Anauliza: mota ya wati 500 inaweza kupewa wati ngapi bila kuungua, na je, ushauri wa fundi ni sawa?

Dada yangu, nikupe jibu kwanza, maelezo yafuate. Usinunue kontrola ya ampea 35. Volti 72 ziache kabisa kwa baiskeli hiyo. Kuhusu idadi ya wati, hakuna namba moja ninayoweza kukupa kwa moyo safi, kwa sababu mota ya habu haiuawi na wati. Huuawa na joto, na joto hilo hutokana na nguvu ya kuzungusha unayoidai mota na dakika unazoidai. Wati zinaweza kuwa chache na mota ikaungua. Zinaweza kuwa nyingi na mota ikabaki vuguvugu tu.

Tuanze na lebo. Zidisha volti 48 kwa ampea 22 upate wati 1,056. Hizo ndizo wati ambazo betri yako inaweza kutoa sasa hivi, kabla fundi hajagusa chochote, yaani zaidi ya mara mbili ya kilichoandikwa. Hakuna aliyekudanganya. Lebo ya wati 500 inahusu kazi ya mfululizo: mota ikizunguka kwa kasi yake ya kawaida, ikitoa kiasi hicho saa baada ya saa, bila kupita joto ambalo kiwanda kimekubali. Tena lebo nyingine hufuata sheria za soko kuliko uwezo wa chuma. Nchi za Umoja wa Ulaya zinaruhusu wati 250 za mfululizo na msaada wa mota hadi kilomita 25 kwa saa ili baiskeli isihesabiwe kuwa pikipiki, kwa hiyo mota ileile inaweza kuuzwa kule kama ya 250 na kwingine kama ya 500. Usiifanye lebo kuwa mpaka wa usalama, wala usiidharau ukadhani mota haina mpaka.

Mpaka wenyewe uko kwenye waya za shaba zilizozungushwa ndani. Nguvu ya kuzungusha, ambayo mafundi huiita torki, hulingana na ampea zinazopita kwenye waya hizo: ukitaka torki mara mbili, ampea nazo ziwe mara mbili. Lakini joto la shaba hukua kwa ampea zikizidishwa kwa zenyewe, halafu kwa ukinzani wa waya. Torki mara mbili, joto mara nne. Torki mara tatu, joto mara tisa. Ukilishika hilo, mengine yote nitakayosema utayaona yakifuata yenyewe.

Tupige hesabu ya safari yako. Wewe, baiskeli na mboga tuseme ni kilo 135. Tuchukue kipande kikali cha mlima, asilimia 6, maana yake unapanda mita 6 kwa kila mita 100 za barabara. Kuusukuma uzito huo juu kunahitaji niutoni (kipimo cha msukumo) 80 hivi, na tairi kuviringika kunataka kama 13 zaidi. Jumla ni niutoni 93, tukiuweka upepo kando. Gurudumu la inchi 26 lina nusu-kipenyo cha sentimita 33, kwa hiyo torki inayotakiwa kwenye ekseli ni niutoni-mita 31. Mota ya volti 48 ambayo bila mzigo hufikia kilomita 45 kwa saa hutoa takriban niutoni-mita 1.25 kwa kila ampea ya ndani. Basi unahitaji ampea 25 ndani ya mota, na ukinzani wa waya ukiwa omu 0.2, joto linalozaliwa ni wati 125.

Sasa angalia hili kwa makini. Hizo wati 125 za joto ni zilezile ukiwa unapanda kwa kilomita 10 kwa saa au kwa 30, mradi msukumo ni uleule wa niutoni 93. Kazi inayofika barabarani ndiyo inayobadilika. Kwa kilomita 10 kwa saa mota inatoa wati 258. Kwa 20 inatoa 517. Kwa 30 inatoa 775. Mota ni moja, joto ni moja, na mtu akiuliza "inatoa wati ngapi salama?" majibu matatu tofauti yote ni ya kweli. Tena anayepanda kwa kilomita 10 hukaa mlimani muda mara tatu ya yule wa 30, kwa hiyo mota yake hupashwa joto mara tatu zaidi kwa mlima uleule. Anayejikokota akidhani anaitunza mota ndiye anayeipika.

Kwenye kipande cha mlima mpole, asilimia 3, msukumo unashuka hadi niutoni 53, ampea za ndani zinakuwa 14, na joto halifiki wati 40. Mota kubwa inaweza kulihimili hilo mchana kutwa. Ndiyo maana sehemu ndefu ya Waiyaki Way haikusumbui, ila vile vipande vifupi vikali na zile dakika za foleni, pale unaposimama na kuanza upya kila mita chache matatu zikikuziba njia.

Kuanza upya kunahitaji maelezo yake. Ampea 22 zilizoandikwa kwenye kontrola ni zile zinazotoka kwenye betri. Ampea zinazoingia kwenye mota kupitia zile waya tatu nene, waya za fezi, ni nyingine. Gurudumu likiwa linazunguka polepole, kontrola hushusha volti na kuongeza ampea, hivyo ampea 22 za betri zinaweza kuwa 50 au zaidi ndani ya mota. Ampea 50 kwa omu 0.2 ni wati 500 za joto. Sehemu ya ndani ya mota kama yako, shaba na chuma chake, ina kilo tatu na nusu hivi. Wati 500 huitoa kwenye nyuzi 25 hadi 110 kwa dakika nne na nusu tu. Kontrola ya ampea 35 nayo huweza kupeleka ampea 80 au zaidi wakati wa kuanza. Hapo joto linakaribia wati 1,300, na shaba yenyewe hupanda nyuzi kadhaa kila sekunde kabla chuma hakijapata nafasi ya kulipokea. Hii ndiyo sababu nakataa ushauri wa fundi wako. Mlimani, ukishapata mwendo, kontrola ya 35 haikupi nafuu yoyote ya joto. Inachokupa ni uwezo wa kuipiga mota kipigo kikali zaidi kila unapoanza.

Kuna jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Chuma cha ndani ya mota kina kiwango cha usumaku kinachoweza kubeba. Ukikipita, ampea zinaendelea kuongezeka lakini torki haiongezeki sawasawa nazo. Umeme unaolipia unageuka joto tu.

Joto hilo likipanda, nini hufa kwanza? Sumaku za kawaida za neodimia, zile zisizo na herufi ya daraja la joto, huanza kupoteza nguvu zikipita nyuzi 80 au karibu na hapo. Za daraja la H zimeundwa kwa nyuzi 120, na za SH kwa 150. Varnishi ya waya, ule utandu unaozuia waya zisigusane, ina madaraja yake, na daraja linalojulikana sana, F, ni la nyuzi 155. Vile visensa vya hol vinavyoiambia kontrola gurudumu liko wapi huhimili hadi nyuzi 150 hivi, lakini waya nyembamba zinazovifikia mara nyingi zimevikwa plastiki inayolainika mapema zaidi. Mota ikiwa na gia ndani, meno ya nailoni hulegea na kulika. Kumbuka pia kwamba shaba ikipata moto ukinzani wake huongezeka, karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi. Ikipanda nyuzi 100, ukinzani umeongezeka kwa asilimia 39, na zile wati 125 zimekuwa 174 kwa torki ileile. Mota ya moto hujipasha moto zaidi. Kwa hiyo mpaka ninaouweka mimi ni nyuzi 100 kwa kazi ya kila siku, na nyuzi 110 ni mahali pa kupunguza umeme bila mjadala.

Ukifika mlangoni usihukumu kwa kugusa kifuniko mara moja tu. Joto liko katikati, kwenye shaba, na linahitaji dakika kadhaa kutoka nje, kama sufuria ya maharagwe inayoendelea kutokota baada ya kuepuliwa. Gusa ukisimama, gusa tena baada ya dakika tano. Kama huwezi kuacha kiganja kwenye kifuniko kwa sekunde chache, kifuniko kimepita nyuzi 55 au 60, na ndani kulikuwa na zaidi sana. Ukinusa varnishi, mota imekwisha kuumia.

Kabla ya kwenda mbali ni lazima ujue mota yako ni ya aina gani, kwa sababu aina mbili hizi hazivumilii joto sawa. Inua gurudumu la nyuma, zima umeme, lizungushe mbele kisha nyuma kwa mkono. Kama linazunguka pande zote mbili sawasawa, na unahisi mikwaruzo laini ya sumaku, na kitovu ni kipana kama sahani ya chai au zaidi, hiyo ni mota isiyo na gia. Kama mbele linateleza huru lakini nyuma linagoma na unasikia kitu kikisagika ndani, na kitovu ni kidogo cha mviringo, hiyo ina gia. Hesabu nilizokupa ni za mota isiyo na gia ya kilo tano au sita. Yenye gia ni nyepesi, inapanda vizuri zaidi kwa ampea chache kwa sababu sehemu ya ndani inazunguka takriban mara tano zaidi ya gurudumu, lakini ina shaba na chuma kidogo cha kupokea joto, na joto lake linapaswa kupita kwenye hewa na grisi hadi lifike kwenye ganda. Yenye gia hujaa joto haraka na kupoa polepole. Kama yako ni hiyo, ampea 22 ndizo mwisho, na ningependa ushuke hadi 18 ukiwa na mzigo.

Watu huniuliza kama Nairobi yenyewe ina neno katika jambo hili. Ina, kidogo. Mji uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia 15 hivi au zaidi kidogo. Mota ya umeme haihitaji hewa ya kuchoma kama injini ya petroli, kwa hiyo haipotezi nguvu kupanda juu. Lakini hewa nyepesi huondoa joto pungufu kidogo, hivyo mota hupoa polepole kuliko pwani kwenye joto lilelile la mazingira. Asubuhi zetu za baridi hulipa deni hilo.

Usikubali mtu atoboe vifuniko vya mota ili ipate hewa. Kwenye barabara ya mashindano inayokauka kila siku, sawa. Kwako, na mvua ya masika ya Machi hadi Mei na tope la Kangemi, maji yataingia, sumaku zitashika kutu, na bearingi zitakufa kabla ya mwaka kwisha. Kwa mota isiyo na gia kuna njia safi zaidi, nayo ni kutia mililita chache za majimaji yenye chembe za chuma yanayovutwa na sumaku. Hujaa katika mwanya kati ya sumaku na chuma, na joto hupita hapo badala ya kusubiri hewa. Majimaji ya namna hii yalibuniwa NASA mwaka 1963, yakitafutiwa kazi ya kusukuma mafuta ya roketi mahali pasipo na mvutano. Kwa mota yenye gia hayafai.

Kifaa ambacho ningekununulia mimi kama ni mimi ninayeshika pesa yako ni thamista, kijisensa cha joto cha kiloomu 10, kinachogundishwa kwenye koili kwa gundi inayohimili joto. Ni kitu kidogo na cha bei ndogo sana ukilinganisha na mota, na wauzaji wa vifaa vya elektroniki wa Luthuli Avenue wanakijua. Baadhi ya mota zina waya mmoja usiotumika kwenye soketi, mara nyingi mweupe, ambao unaweza kuupeleka nje. Kontrola nzuri husoma joto hilo na kupunguza ampea yenyewe ikifika nyuzi ulizoipangia. Isipoweza, kipimajoto kidogo kwenye usukani kinatosha: ukiona 100, teremka, sukuma mita mia, au simama kivulini dakika kumi. Bila namba hiyo mbele yako, wewe na fundi wako mnabishana kuhusu kitu ambacho hakuna kati yenu anayekiona.

Halafu kuna nguvu ambayo ni ya bure, nayo ni miguu yako. Mtu mzima mwenye afya hutoa wati 100 kwa kukanyaga bila kujiumiza, kwa dakika chache za mlima. Kwa kilomita 10 kwa saa, wati 100 ni niutoni 36 kati ya zile 93. Mota inabaki na 57, na kwa kuwa joto hufuata ampea zikizidishwa kwa zenyewe, zile wati 125 za joto zinashuka hadi 46 hivi. Zaidi ya nusu ya joto imetoweka. Hakuna kontrola inayoweza kukufanyia hivyo. Kanyaga hasa pale unapoanza na pale mlima unapokaza. Kwenye tambarare pumzika utakavyo.

Na kama siku moja utanunua baiskeli nyingine ya mzigo, tafuta yenye gurudumu la nyuma la inchi 20. Nusu-kipenyo chake ni sentimita 25, kwa hiyo msukumo uleule wa niutoni 93 unahitaji torki ya 23 badala ya 31, na joto linashuka kutoka 125 hadi karibu 70. Unapoteza robo ya kasi ya juu, ambayo kwa mzigo wa nyanya huihitaji. Baiskeli nyingi za mizigo zimewekewa magurudumu madogo, na hii ni mojawapo ya faida zake. Kwa ile uliyo nayo usibadilishe gurudumu peke yake, maana fremu italala nyuma na breki za ringi hazitafikia.

Volti 72 sasa. Kuongeza volti kwa torki ileile hakuongezi joto la shaba, hiyo ni kweli na fundi wako pengine ndiyo hoja yake. Lakini kunaongeza kasi ya juu, kutoka 45 hadi kilomita 67 kwa saa bila mzigo, kwenye fremu, spoki na breki zilizotengenezwa kwa nusu ya hapo. Kazi ya kusimamisha hukua kama joto linavyokua: kasi mara mbili, kazi ya breki mara nne. Betri ya seli 20 mfululizo ikijaa hufika volti 84, na kapasita za kontrola nyingi za 48 zimeandikwa volti 63, zitapasuka. Na kanuni za kimataifa za usalama wa magari ya umeme huanza kuhesabu volti 60 za mkondo mnyoofu kuwa volti ya juu inayohitaji ulinzi wa pekee dhidi ya kuguswa. Hicho si kitu cha kufungwa na tepu nyeusi chini ya kiti, mvuani.

Ekseli nayo ina neno katika suala la mpaka. Ekseli ya milimita 12 iliyochongwa pande mbili hadi milimita 10 hushikwa na mdomo wa fremu kwenye vijisehemu vyembamba sana. Kwa torki ya niutoni-mita 31, kila upande wa fremu husukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo zaidi ya 200. Ukifikia 80, ambayo kontrola ya ampea 35 inaweza kuigusa unapoanza, ni zaidi ya kilo 600 kila upande. Fremu ya alumini hufunguka, ekseli inajizungusha, waya zinazopitia ndani yake zinakatika, na waya za fezi zikigusana gurudumu hugoma ghafla. Hata kwa ampea zako 22 za sasa nataka ufunge mkono wa chuma wa kuzuia ekseli, bamba linaloshika ekseli na kufungwa kwenye fremu. Fundi yeyote wa kuchomelea Kirinyaga Road anaweza kukata moja kwa chuma cha milimita 6, ila tundu lake lifanane kabisa na ekseli, lisicheze.

Pia nakuomba usimruhusu mtu yeyote aongeze lehemu kwenye shanti ya kontrola yako, kile kipande cha chuma inachotumia kupima ampea. Ni ule ujanja wa kuidanganya kontrola isome ampea chache kuliko zinazopita. Baada ya hapo hakuna anayejua inapitisha ngapi, na transista ndani yake hufa zikiwa zimefungamana, jambo linaloweza kuifanya mota ishike kama breki na gurudumu liwe gumu kuzunguka.

Nimefika mahali ambapo nadhani shida yako ya kweli iko. Rudi kwenye hesabu. Betri yako inaweza kutoa wati 1,056. Tukipoteza asilimia 20 njiani, 840 zinafika barabarani. Kwa msukumo wa niutoni 93 hizo zinatosha kukupandisha kwa zaidi ya kilomita 20 kwa saa hata upepo ukihesabiwa, pamoja na mboga zako zote. Kontrola ya ampea 22 haikupaswa kukuchosha mlimani. Kama unajikokota chini ya 15, kuna kitu kinakula nguvu, na kuongeza ampea ni kukipa kitu hicho chakula zaidi.

Anza na vya rahisi: upepo wa tairi, na breki zinazokwaruza ringi. Zungusha gurudumu likiwa juu usikilize. Kisha pima betri ukiwa mlimani, si nyumbani. Funga multimita ya bei ndogo kwenye usukani, iunganishe na waya za betri kupitia fyuzi ndogo, upande huku mtu akikusaidia kusoma. Betri ya 48 yenye seli 13 ikiwa imejaa inasoma 54.6. Ikiwa bado ina chaji zaidi ya nusu, na ukivuta aksileta inaanguka hadi 41 au 42, betri imechoka. Kontrola hupunguza nguvu kujilinda, nawe unahisi uzito. Hapo kontrola ya ampea 35 ingekuwa hatari hasa. Betri ya seli nne kwa kila safu inagawa ampea 22 kuwa 5.5 kwa seli. Ampea 35 ni 8.75. Seli nyingi za 18650, zile ndogo za umbo la silinda, za bei nafuu zimepangiwa ampea 5 hadi 10 za mfululizo zikiwa mpya, na zile zilizotolewa kwenye kompyuta kuukuu hazifai kuaminiwa hata kwa hizo 5. Seli inayolazimishwa hupata moto, na moto wa lithiamu ndani ya chumba kimoja hauachi nafasi ya kutoka. Chaji betri mbali na mlango, usiichaji usiku ukiwa umelala, na usiichaji ikiwa bado ya moto kutoka barabarani.

Ikiwa betri ni nzima, pima sumaku. Inua gurudumu, vuta aksileta hadi mwisho, soma kasi na ampea. Sumaku zilizopoteza nguvu kwa joto hufanya mota izunguke haraka kuliko ilipokuwa mpya bila mzigo, huku ikitoa torki ndogo kwa kila ampea. Watu hufurahia kuona kasi imepanda wakidhani mota imefunguka. Kama baiskeli yako ilikuwa inafika 45 ikiwa hewani na sasa inafika 52 kwa betri ileile, mota imekwisha kupikwa, na kila mlima sasa unahitaji ampea nyingi zaidi, maana yake joto zaidi. Mota ya namna hiyo hairudi.

Basi mpelekee fundi wako vipimo vitatu: volti ya betri chini ya mzigo, kasi ya gurudumu likiwa hewani, na nyuzi za koili baada ya mlima mkali. Ikiwa volti inaanguka chini ya 42, pesa ya kontrola iende kwenye betri ya seli mpya yenye uwezo wa ampea 30 za mfululizo, ingawa kontrola utaibakisha ya 22. Ikiwa kasi imepanda, nunua mota isiyo na gia, kubwa kidogo, ya wati 750 au 1,000, uiendeshe kwa kontrola hiyohiyo. Chuma na shaba ya ziada ndivyo unavyolipia, wati acha zilale. Na ikiwa vyote viwili viko sawa lakini koili inapita nyuzi 100, anza kukanyaga mlimani, na mzigo wa viazi uugawe katika safari mbili.